Mama, Siku Ulipokataa Kufungua Ghala

Kwako Mama, uliyelala Hayes,

Jumapili iliyopita tulikusomea hitma ya mwaka. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Walikuja Waislamu wetu, akaja yule mzee Kalasinga wa duka la nguo na mkewe, wakaja na wale akina mama Wahindu uliowatafutia vyumba walipofika kutoka Uganda hawana hata sufuria. Baba Mdogo Karim alisimama kwa niaba ya familia. Aliongea vizuri, unajua anavyojua kuongea. Lakini alipofika mwisho likamtoka lile lililomkaa rohoni miaka yote.

"Ila kitu kimoja sikuwahi kumwelewa shemeji yangu," alisema. "Tulifukuzwa kule kama mbwa, naye akarudi kwenda kuwalisha."

Watu wakaguna. Mjukuu wako Safiya akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akataka kujua kwa nini. Mama, nilikuwa na sahani ya biriani mapajani, na jibu ni refu, kulieleza yataka kuanzia mbali. Kwa hiyo nakuandikia wewe, na nitamsomea yeye. Kiswahili anakielewa akikisikia, hata kama hawezi kukijibu.

Nianze na lile koti. Unalikumbuka? Mwaka ule Wahindi tulipofukuzwa Uganda, tuliposhuka kwenye ndege hapa Uingereza mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha, mimi nimevaa gauni la shule na ndara. Walitupeleka kwa basi kwenye kambi ya zamani ya jeshi, na ndani ya bwalo kulikuwa na marundo ya nguo za watu. Mwanamke mmoja wa Kiingereza, mnene, miwani imemteremka puani, alikuwa akigawa makoti. Hakukutupia. Alikunyooshea koti la kahawia, akasubiri uingize mkono mmoja, kisha wa pili, halafu akakufunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Ndipo nilipokuona ukilia kwa mara ya kwanza tangu tulipofunga mlango wa nyumba yetu Kampala.

Baadaye tukahamia Hayes, pembezoni mwa London, chumba kimoja juu ya duka. Baba alipata kazi ya kufagia kiwandani, mapafu yake hayakuiweza baridi, na msimu wa pili wa theluji tukamzika. Wewe ukaingia kazini kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Ulikuwa ukiondoka alfajiri umevaa suruali ya Baba chini ya sari. Jioni ulikuwa ukitafutia watu makazi. Familia zilizotoka kambini zilikuwa zikifika London hazijui pa kwenda, na wewe ulijua nani ana chumba kitupu, shule gani ina nafasi, mwenye nyumba gani atamkubali mwenye watoto wengi. Watu walikupa jina, Mama Vitanda. Hukulipenda, lakini uliitika.

Kwa hiyo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha kule Uganda, na watu wa shirika la misaada waliokufahamu tangu siku za kambi wakaja kukuomba uende ukaratibu misaada katika wilaya moja iliyoteketezwa, mimi sikushangaa sana. Baba Mdogo ndiye aliyekuja mbio kutoka kwake Hounslow.

"Shemeji, una wazimu?" alikuuliza, amesimama jikoni hata kofia hajavua. "Umesahau walivyotufanya?"

"Sijasahau."

"Basi unarudi kufanya nini?"

"Karim, chai yako inapoa."

Alichoweza kukushinda ni kimoja tu, kwamba usiende peke yako. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya uuguzi, bado sijaolewa. Nikaomba ruhusa kazini nikakufuata.

Safiya hajui wilaya ile ilikuwaje, na sijui nimweleze vipi. Nyumba zilikuwa kuta bila mapaa. Migomba imegeuka msitu. Watu walikuwa wakirudi kutoka kambini na mafichoni, wamebeba magodoro kichwani, na wengi walipofika kwao kazi ya kwanza ilikuwa kuokota mifupa na kuizika. Hapo katikati ndipo wewe ulipotakiwa kupanga malori yatoke lini Kampala, mablanketi yaende kijiji gani kwanza, majembe yahifadhiwe wapi, kamati ya kila kijiji ikutane na nani. Ulikuwa umekodi jengo la chama cha ushirika, lenye bati zima, likawa ghala. Kanuni yako ilikuwa moja, na madereva walikuchukia kwayo: hakuna kitu kitakachorushwa kutoka juu ya lori. "Mtu apewe mkononi," uliwaambia, "na umtazame usoni unapompa."

Jambo moja hatukulitarajia, wewe wala mimi. Uliondoka London ukifurahi kwamba utaongea Kiswahili siku nzima. Kwetu kilikuwa lugha ya nyumbani. Wewe mtoto wa Mombasa, ulituimbia kwacho, ulitugombeza kwacho, na Hayes kilitusitiri majirani wasijue tunasema nini. Lakini siku ya kwanza sokoni ulipomsalimu muuza ndizi, "Hujambo mama," yule mwanamke alirudi nyuma akakumbatia kikapu chake. Ulirudi garini mikono mitupu. Mwalimu Mukasa, mkalimani wetu, ndiye aliyetueleza kwa upole. Kwamba watu wa pale wanasema Kiganda tulijua tangu Kampala, lakini ya miaka ya vita hatukuyajua. Kiswahili walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, na kwa wanajeshi waliokuja kuwatoa majumbani. Tangu siku ile ulisema kwa kinywa cha Mwalimu, na ukiwa na mimi barabarani ulininong'oneza.

Ndipo ikafika ile wiki ya mbegu.

Mvua zilikuwa karibu. Mpango wako ulikuwa chakula kitangulie, unga na maharage ya kuwatosha watu mpaka wavune, kisha mbegu zifuate. Malori yakaja kinyume. Mbegu zilifika, chakula kikakwama njiani, daraja limekatika. Yale mahindi ya mbegu yalikuwa yamepakwa dawa ya kuua wadudu, mekundu kama pipi. Na sisi wawili tulijua maana yake. Katika kijiji cha ng'ambo ya mto watu walikuwa wamepewa mbegu kama zile bila chakula. Mama mmoja akaziosha mara nyingi mpaka maji yakatoka meupe, akachemsha. Mtoto wake nililetewa mimi, kwenye kliniki yangu ndogo. Sikuweza kumwokoa. Wewe ndiye uliyenishika mabega nilipomfunika.

Kwa hiyo ukafunga ghala, ukamtuma Mwalimu Mukasa akafuatilie chakula, ukabaki na funguo kiunoni.

Habari ilienea kwamba mahindi yamefika. Asubuhi watu walianza kukusanyika, na kufikia adhuhuri uwanja ulijaa. Walikuwa wamekonda, Mama, unakumbuka, hata watoto hawakuwa na nguvu ya kucheza. Walikuwa wakiona magunia kupitia nyufa za mlango. Ulijaribu kuwaeleza kwa Kiganda chako cha kuvunjika kwamba yale si ya kula, ni ya kupanda, yana sumu. Walicheka kwa uchungu. Kila aliyewahi kuwanyima alikuwa na sababu yake. Wanaume wakaanza kusogea mlangoni.

Askari mmoja aliyepangiwa kulinda ghala akashika bunduki yake. Akakusemesha kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Mama, nipige moja hewani watawanyike?"

"Usithubutu!" ukamjibu, na kwa hofu ukasahau kunong'ona. "Ukipiga, mimi na wewe hatufanyi kazi tena hapa. Nenda kakae nyuma ya ghala. Nenda!"

Alikwenda. Lakini uwanja mzima ulikuwa umekusikia. Manung'uniko yakaanza upya, mabaya zaidi. Sikuhitaji mkalimani kujua wanayosema. Yule mwanamke wa Kihindi anasema lugha ya wanajeshi, tena anawaamuru.

Mwanamke mmoja akajitokeza mbele. Tulikuwa tukimjua kwa jina la Nalongo, ndivyo Waganda wanavyomwita mama wa mapacha. Siku zote alikuwa akija kliniki yangu na mwanawe mmoja tu, kijana mkubwa asiyesema. Alisimama karibu nawe kabisa, akakuuliza kwa Kiswahili safi ambacho hatukuwahi kujua anacho:

"Lugha hiyo umeipata wapi wewe?"

Nilidhani utamjibu umesimama, kama ulivyokuwa ukiwajibu madereva. Ukakaa chini, Mama. Ukakaa kwenye vumbi, mgongo kwenye mlango wa ghala, ukakunja mkono wa blauzi yako, kovu likaonekana.

"Ni ya mama yangu," ulimwambia. "Sina nyingine niliyozaliwa nayo. Na siku tuliyofukuzwa, njia ya kwenda uwanja wa ndege, askari alinisimamisha akaniambia, 'Toa.' Nikatoa bangili. Moja ikagoma. Akaivuta pamoja na ngozi yangu. Zilikuwa bangili za mama yangu, dada, na alinivua kwa lugha ya mama yangu."

Kovu lile nililijua tangu utoto. Nilikuwa nikiamini ni la mafuta ya sambusa, kwa kuwa ndivyo ulivyotuambia. Siku ile ya kizuizi nilikuwa ndani ya gari lilelile, nimelala mapajani mwa Baba. Habari yake nikaisikia kwa mara ya kwanza nimesimama na watu wenye njaa.

Nalongo alikutazama mkono muda mrefu. Kisha naye akakaa.

"Mimi waliniambia, 'Lala chini,'" alisema. "Sisi sote. Wanangu wawili walilala. Aliyeamka mmoja."

Hamkukumbatiana. Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema watu walikumbatiana. Mlikaa tu, kila mmoja akitazama miguu ya waliosimama. Halafu akakuuliza, "Hayo mahindi, ni kweli yanaua?" Ukasema, "Mwulize binti yangu, amemzika mtoto aliyeyala." Akaniangalia, nikatikisa kichwa kukubali.

Akainuka, akawageukia watu wake, akasema kwa Kiganda. Alisema kwa muda, bila kupaza sauti. Sikuelewa maneno, ila niliona wale wanaume wa mbele wakiondoa mikono mlangoni. Wengine walitoka wakitukana, na sikuwalaumu. Wengi wakakaa.

Wewe ukatoa chakula chetu sote wafanyakazi, unga, maharage, hata kile kibati cha tende ulichotoka nacho Hayes. Tukapika uji katika mapipa, watoto na wazee kwanza. Wewe mwenyewe uligawa, kikombe mkononi, ukimtazama kila mmoja usoni. Haukutosha. Jioni ile nilipokushika mkono ukaniambia, "Lori lisipokuja kesho, sijui. Wallahi sijui." Hilo nataka Safiya alisikie pia, kwamba bibi yake hakuwa na hakika.

Lilikuja kesho yake alasiri, Mwalimu Mukasa amekaa juu ya magunia, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu wakapewa unga na maharage, na walipokwisha kupata, ndipo ukafungua ghala la mbegu. Nalongo alisimama upande wako akieleza kila familia kwa Kiganda, wewe ukieleza kwa Kiswahili, waziwazi sasa. Wapo ambao hawakukizoea mpaka tunaondoka, wakawa wanatazama pembeni ukiongea. Hukuwalazimisha.

Siku moja tukipita mashambani, mahindi yamefika kiunoni, nilikuuliza lile swali la Baba Mdogo. Nilikuuliza kwa nini ulirudi kwa watu waliotufukuza.

"Walionifukuza mimi hawakuwa na njaa," ulisema. "Hawa wana njaa." Kisha ukanituma nikawahesabu watu wa kliniki, maana tulikuwa tumechelewa.

Nimemsomea Safiya mpaka hapa leo asubuhi. Akaniuliza kwa Kiingereza kama kovu lilikuwa mkono wa kulia au wa kushoto. Nilimwambia wa kushoto. Alikuwa amekushika mkono huo hospitalini wiki nzima, na hakuwahi kuuliza.

Baba Mdogo bado haelewi, Mama, na mimi nimeamua kumwachia. Yeye aliacha kule duka, nyumba, na mchumba. Machungu yake ni yake. Lakini alipomaliza kuongea kwenye hitma alikaa nje peke yake, na nilipompelekea chai nilimkuta anafuta macho kwa kofia. "Angekuwa hapa angeniambia inapoa," alisema.

Mimi nami kuna siku nakukasirikia. Nakukasirikia kwa kutuficha lile la bangili, ukatuachia kuamini mafuta ya moto. Najiuliza ni mangapi mengine uliyafunika hivyo ili tulale vizuri. Kisha namtazama Safiya, nakumbuka yale niliyoyaona wilayani ambayo sijamwambia, na hasira inaniisha.

Ulipolazwa mara ya mwisho, Baba Mdogo alitaka usafirishwe Mombasa, ukazikwe na wazazi wako. Alikuwa amekwisha kuulizia nauli. Ukamwita karibu na kitanda, sauti imebaki ndogo.

"Nimehamishwa inatosha, Karim. Nizikeni hapahapa, mahali mtakapoweza kuja kwa basi."

Ndivyo tulivyofanya. Ijumaa nikitoka kazini hupanda basi nikaja, na Safiya siku hizi huja nami. Kituo kiko mlangoni mwa makaburi kabisa, Mama. Hatutembei hata kidogo.

Mungu akulaze pema, na akupunguzie baridi.

Mimi mwanao, kifungua mimba wako.