Kamera Iliyobaki Kabatini

Machi 3

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sijui kama u mzima, maana tangu tumzike mama yako hujaniandikia. Mimi moyo unaishiwa nguvu. Nimelazwa kwenye wodi ileile nilimokuwa daktari mkuu.

Wiki iliyopita moyo ulinishika tena. Daktari kijana aliuzibua mshipa wa moyo, akaweka kijibomba cha waya cha kuutanua. Kwenye eksirei kilionekana safi. Nikamwambia, "Inatosha, nishushe." Akasema, "Tulia mzee, tuchungulie ndani," akapitisha kamera nyembamba kama uzi. Kumbe kijibomba kilikuwa kinaelea, hakijagusa ukuta wa mshipa. Akakipanua, kikakaa.

Mama yako nilimwekea kijibomba kama hicho mwenyewe. Kamera kama hiyo ilikuwa kabatini. Nesi aliuliza ailete, nikamjibu, "Hiyo ni ya wasiojua kazi." Kijibomba chake nacho kilikuwa kinaelea; damu iligandia kwenye mwanya ulioachwa, akafa. Vidonge vyake vya kuzuia damu kuganda nilivihesabu siku ileile: hukukosa kumpa hata kimoja. Nikawaambia watu ulisahau.

Usiwaambie mama zako wadogo. Niache nizikwe na heshima yangu.

Baba yako


Machi 19

Baba,

Shikamoo. Mwili wangu hauna neno.

Mazishini mama mdogo aliubandua mkono wangu kwenye jeneza: "Kidonge kilikushinda, sasa unamgusia nini?" Wewe ulikuwa umesimama papo hapo.

Ningeweza kuwaonyesha barua yako. Sitaki. Nataka wasikie kwako. Nakurudishia hiyohiyo; waite, uwasomee kwa mdomo wako. Ukifanya hivyo, nitakuja kukuuguza mpaka mwisho.

Mwanao


Aprili 2

Mwanangu,

Natumaini u salama.

Jana mama zako wadogo walikuja wote wawili na chupa ya chai. Mkubwa alinikanda miguu. Barua ilikuwa mkononi, chini ya shuka. Nikaanza, "Kuhusu vile vidonge..." Mdogo akaangua kilio: "Shemeji, jamani! Mtoto yule amekutesa vya kutosha."

Nikasema nimekusamehe.

Walifurahi mno. Wanasema moyo kama wangu hawajapata kuuona. Barua nimeichana, mfagiaji amezoa vipande.

Njoo unizike. Wamekubali usimame nyuma, mradi jeneza usiliguse.

Baba yako