Jiwe Jeusi la Mama

Goma, Keshero

Yaya Jeanine, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na nyumba yako yote. Balagizi anaendeleaje na mgongo wake? Na watoto, wanasoma au wanacheza tu? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Usishangae kupata barua ya karatasi kama watu wa zamani. Simu ikilia humu ndani Mama anataka isikike kwa sauti kubwa, naye akae karibu, na haya siwezi kuyasema akinisikiliza. Jirani yetu Guylain anapanda boti kesho, atakufikishia.

Yaya, mama yako amenichosha. Nasema mama yako kwa sababu wiki hii mimi simtaki.

Mpox imeingia kwenye avenue yetu, na sisi walimu tulichanjwa. Nilirudi mkono ukiniuma, na Jumapili baada ya misa nikajilaza kidogo. Kuamka, bega langu limefungwa kitambaa cha kitenge, na chini ya kitambaa kuna lile jiwe jeusi ambalo Mama alipewa na masista kule Walungu kwa ajili ya kuumwa na nyoka. Mimi, mwalimu mzima wa biolojia. Nilipouliza, alijibu kwa utulivu kabisa kwamba anainyonya ile sumu ya sindano kabla haijatembea. Kisha akalitia jiwe kwenye kikombe cha maziwa ili litapike, na maziwa yenyewe yalikuwa ya chai yangu. Tangu Pasaka maziwa hayakai katika nyumba hii, tena kuna paka wa jirani ninayemtafuta.

Hilo la jiwe ningelimeza. Lisilomezeka ni kwamba yeye mwenyewe amekataa chanjo. Jephté, yule anayepita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya kituo cha afya, alikuja kwa heshima zote kuuliza kama kuna mwenye homa, vipele au tezi zilizovimba, na kumwandikisha Mama. Mama alijifungia chooni mpaka kijana wa watu akaondoka. Aliporudi siku nyingine, Mama aliagiza aambiwe yuko matangani. Matanga ya nani, hajaniambia hadi leo. Na nyumba ya pili kutoka kwetu wamemchukua mama mmoja mgonjwa, wa umri wake. Ninaogopa, Yaya, na nikiogopa mdomo wangu unakuwa mkali.

Basi nikaketi naye tukichagua maharagwe, nikaamua kumfundisha. Nilimwambia jiwe lilichelewa. Chini ya ngozi kuna chembe za ulinzi. Zikikuta kitu kigeni zinakimeza, zinakikatakata, halafu zinachukua kipande kidogo na kukibandika nje ya mwili wao kionekane. Zinatembea nacho mpaka kwenye tezi za kwapani, ambako chembe nyingine, ziitwazo T, zinasubiri. Hizo T zina maringo kama chef wa avenue yetu, yule mkuu wa mtaa: umwambie umeibiwa kuku, hainuki kitini, umwonyeshe manyoya, ndipo anavaa viatu. T haimtambui adui mzima akipita mbele yake. Inatambua kipande tu, tena kikiwa kimeshikwa na chembe ya mwili wako mwenyewe. Ile T inayokifahamu kipande hicho inaanza kuzaana, zinakuwa jeshi, na tezi inavimba. Nikamshikisha kwapa langu lililovimba kidogo, aone kwamba kazi imeshaanza.

Aliuliza kama hizo T zimebatizwa. Aliuliza kwa nini Mungu hakuzipa macho ya kuona kitu kizima. Nilitaka kulia. Kisha akauliza bila kunitazama: "Na mutu mwenye hajapata sindano, Nsimire, anavimba juu ya nini?"

Nilianza kumtajia sababu kama niko darasani, Yaya. Nilitaja vidonda, nikataja kifua kikuu, nikainua na kidole. Ndipo nikaona ameacha maharagwe. Aliushika mkono wangu akaupeleka kwapani mwake, upande wa kushoto, chini ya ile blauzi ya mikono mirefu ninayomsumbua kila siku aivue kwa sababu ya joto. Kuna uvimbe pale. Ni mgumu, hausogei, wala hasikii maumivu nikiubonyeza. Uko hapo tangu Pasaka, na tangu Pasaka analiweka jiwe kila siku na kulilaza kwenye maziwa. Paka wa watu hakuwa na kosa. Na Jephté alipotaja tezi zilizovimba, Mama aliamini atapelekwa kwenye mahema ya mpox, afie huko bila sisi.

Nilimgombeza mpaka maneno yakaniishia, halafu nikalia, naye akarudia maharagwe yake.

Jana tulimwona daktari. Hakutaka kubahatisha jina la ugonjwa. Alieleza kwamba lazima akate kipande kidogo cha uvimbe kipelekwe kuangaliwa, ndipo watajua la kufanya. Mama alinigeukia akasema kumbe hata huyu hainuki bila manyoya. Amekubali. Watakata Ijumaa ijayo, na anataka uwepo, ila nikuite tu kama wa kutembea, nisikwambie sababu. Sasa nimekwambia. Njoo, Yaya, na kisingizio cha duka lako usiniletee.

Kuna neno moja nakuungamia wewe peke yako. Leo asubuhi nilimkuta akihangaika kulifunga jiwe kwa mkono mmoja, kitambaa kikimponyoka kila mara. Najua halinyonyi kitu. Ningeweza kukuandikia ukurasa mzima kueleza kwa nini. Nilikichukua kitambaa nikamfungia mwenyewe, nikakaza vizuri, kisha nikaenda kuchemsha maziwa. Shuleni kwangu mtu asijue.

Msalimie Balagizi, na watoto wote kwa majina yao. Mama anakusalimu, hajui ninachokuandikia. Ukishuka bandarini pitia maziwa njiani, ya leo yameisha.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja,

Nsimire