Mafundo Mia Sita na Kumi na Moja

Emali,
Jumapili, baada ya kutoka kanisani.

Mwaitu,

Nakusalimu sana, mama yangu, kutoka huku barabarani. Magoti yanakuambia nini asubuhi hizi? Na vidole, ile dawa ya kupaka aliyokuletea ndugu yangu Mutua unaitumia, ama umeiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni? Niambie kama ndengu zimetoa maua. Hapa imenyesha mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa nimeanika nyuzi.

Mimi ni mzima. Kazi iko. Msimu huu nimefuma shali za watoto wachanga kumi na nne na vitambaa vya viti seti tano, vyote hapa hapa kitandani kwangu, mguu mmoja chini na mwingine juu ya sanduku. Watu wanaoniona leo nikituma mzigo mpaka Voi hawajui kwamba nilianza na sindano ya kroshia niliyojinolea kutoka kwa spoki ya baiskeli. Wewe unajua, ama pengine hata wewe hujui, kwa sababu hukuniuliza.

Kila Krismasi unaniuliza nitakuja lini, na huu ni mwaka wa nne sijalala kwako. Barua hii ndiyo jibu. Nimeiandika kwa sababu kwa simu wewe hukata nikifika katikati, unasema salio linaisha, hata kama mimi ndiye nimepiga. Na nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia barua kule shuleni, kabla ya ile siku ya sweta.

Sasa nianze pale Mutua aliposhusha gunia la ndengu mlangoni kwangu na ule mfuko wa plastiki juu yake. Nikamuuliza, "Hii ni nini tena?" Akasema, "Mama amesema umalizie." Nikangoja. "Hiyo tu?" "Hiyo tu, dada. Nipe maji ninywe, dereva ananingoja."

Umalizie! Nilikasirika, Mama, sitaficha. Ulipokuwa ukinifundisha kroshia nikiwa na miaka tisa, ulinifumulia kazi yangu mbele ya akina mama wa kanisa mara saba. Nilihesabu. Siku moja niliunga uzi kwa fundo, ukanipiga vidoleni kwa ile sindano, ukasema fundo ni uvivu, uzi huunganishwa kwa kupishanishwa na kufichwa, mtu asijue ulikatika wapi. Basi nikaona, leo vidole vimekataa ndio unanikumbuka.

Nikautoa mfukoni ule mfuniko wa kitanda wa kroshia, nikautandika ili nione umekosea wapi. Ndiyo, nilikuwa natafuta makosa. Nikahesabu kwanza: miraba tisa kwa upana, safu kumi na moja. Tisini na tisa. Nikacheka nikikumbuka wale kondoo wa Injili, ila hapa waliopotea walikuwa tisa, safu nzima ya mwisho. Halafu nikaupindua nitafute ncha za uzi, kwa sababu kazi ya mtu huonekana upande wa nyuma. Kila mraba una rangi tatu, kila rangi ina ncha mbili, kwa hivyo lazima ziwe ncha mia tano na tisini na nne mahali fulani.

Sikupata hata moja.

Niliuinua kwenye mwanga wa mlango. Nikapitisha kucha. Mimi hii kazi ndiyo inanilisha, na mteja akiniletea kitu cha mtu mwingine nitakuonyesha alipochoka na alipoanzia tena. Kwako sikuona uchovu popote. Na nyuzi zenyewe ni za sweta kuukuu, nene na nyembamba, nikatambua ile ya kijani ya Baba ya kulinda shamba, nikatambua ya mdogo wangu Mwende ya ubatizo. Nyuzi za unene tofauti lazima zivutane, kitambaa kijikunje pembeni. Chako kimelala sawa kama maji kwenye karai. Nilikaa chini sakafuni, Mama. Jirani yangu Mama Halima, yule wa kutoka Garissa anayeuza chai mbele ya nyumba yetu, aliingia akanikuta hivyo, akasema, "Kuna msiba?" Nikamwambia, "Hapana, naangalia." Akaangalia na yeye. Akasema, "Huyu mama yako ana macho kwenye vidole."

Chini ya mfuko kulikuwa na ule mpira wa uzi wa rangi ya damu ya mzee.

Nilijua kabla sijaushika. Miaka ishirini na moja, na niliujua kama mtu anavyojua sauti. Uzi ulikuwa bado umejikunja, kama nywele zilizofumuliwa jana. Uzi wa sweta ukiuosha na kuutundika na jiwe hunyooka. Huu haukuwa umeoshwa hata siku moja, wala haukuwa umetumika.

Acha niseme nilivyoijua mimi hadithi hii, kwa sababu hatujawahi kuisema. Ilikuwa likizo ya Disemba, nimemaliza kidato cha pili. Nilitoka kisimani nikakukuta umekaa mlangoni na sweta yangu ya shule mapajani, imefumuliwa nusu, nyuzi zimejaa kwenye karai. Uliniambia neno moja: "Usiguse." Sikugusa. Nilisema moyoni, kumbe shule yangu imeisha na hawajaniambia, sasa wanamfumia Mwende kutoka kwa mgongo wangu. Jumamosi iliyofuata nikamfuata Shangazi huku Emali kuosha sahani kwenye hoteli yake. Sikukuuliza kitu, na wewe hukuniita nirudi. Kila kitu nilichojenga huku, nilikijenga nikiwa na lile karai machoni.

Kwa hivyo nilipoushika mpira huo, niliamua kuumaliza kama kazi yoyote ya mteja. Niunyooshe, nifume miraba tisa, nikurudishie, tumalizane. Mama Halima akanishikia uzi kwa mikono miwili nikiukunjua. Hatua mbili, nikahisi fundo. Hatua nyingine, fundo. Tena fundo.

"Hii imeungwa na nani?" akauliza Mama Halima. "Hata mbuzi wangu angekula uzi vizuri kuliko hivi."

"Mama yangu haungi mafundo," nikasema.

"Basi mama yako ana pacha."

Nikaanza kuhesabu. Akaniambia, "Wewe utahesabu hata matone ya chai yangu," lakini mikono hakuishusha. Yalikuwa mafundo mia sita na kumi na moja. Yote ni aina moja, madogo kama mbegu ya mtama, yamekazwa kwa kipimo kimoja. Na yale ishirini ya mwanzo kabisa, katikati ya mpira, kabla ya fundo uzi ulikuwa umesokotwa pamoja, vile mnavyosokota katani pajani mkitengeneza vyondo. Ulijaribu kusokota kwanza. Uzi wa dukani haushikani kama katani, ukakuachia. Ndipo ukaingia kwenye mafundo.

Mafundo mia sita na kumi na moja ni vipande mia sita na kumi na viwili. Nilivipima, karibu vyote vina urefu mmoja, wa pua mpaka ncha ya kidole. Hapo ndipo akili yangu ilisimama. Sweta iliyofumwa kwa mkono ukiifumua huja uzi mmoja mrefu mpaka mwisho. Lakini zile za duka hufumwa kwa mashine kama shuka, halafu hukatwa kwa mkasi na kushonwa mbavuni. Ukiifumua, kila mstari unabaki na kipande chake mkononi. Mimi naijua hiyo leo kwa sababu ni kazi yangu. Wewe wakati ule ungeijulia wapi? Nyumbani kwetu hakukuwa na sweta nyingine ya dukani isipokuwa hiyo yangu.

Nikapiga hesabu nyuma ya kalenda. Sweta ya kimo changu cha wakati ule, mbele ni mistari mia mbili na kumi, nyuma vile vile. Inabaki mia moja tisini na miwili, yaani tisini na sita kila mkono, ambayo ni nusu mkono. Na nusu mkono ni kwa sababu viwiko vilikuwa vimeraruka mpaka juu. Nilikuwa nimesahau vile viwiko.

Ndipo nikakupigia. Najua ulikuwa kwenye hiyo simu, lakini acha niandike nilivyosikia upande huu.

"Mama, ile sweta uliifumua ya nini?"

"Sweta gani?"

"Unajua sweta gani."

Nikasikia kuku wako. Halafu ukasema, "Ilikuwa imekubana. Mikono imeraruka. Mwalimu alisema usirudi Januari na hiyo."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo nilikuwa nakufumia kubwa. Mikono ningeiongeza na uzi wa kununua kidogo."

"Na karo?"

"Kulikuwa na mbuzi wawili. Mjomba wako Kilonzo alikuwa ashaongea na mnunuzi."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia nini? Kwamba sweta moja uliyonayo nimeiharibu? Ilinitokea mikononi vipande vipande kama nyasi. Nikasema nitaunga, nikimaliza ndio nitaongea. Wewe ukaondoka nikiwa mkono wa pili, mbele na nyuma bado."

"Sasa mbona uliendelea kuunga na mimi nishaenda?"

"Kazi haiachwi katikati, Mwikali," ukasema. "Nilimaliza mwezi wa tatu." Na ukakata. Safari hiyo hukusema salio.

Mwaitu, mimi ni mtu wa lawama, na sitakudanganya kwamba zimeisha. Ungeniita. Neno moja, kwa shangazi, kwa dereva yeyote wa lori, "Mwambie nilikuwa nampanulia." Mimi pia ningeuliza. Nimepiga hiyo hesabu kila upande na haifungi vizuri, kuna kosa lako na kuna kosa langu. Lakini tangu siku hiyo, nikiwa naosha vyombo, nikiwa sokoni, naona mwanamke aliyenifundisha kwamba fundo ni uvivu ameketi mlangoni anafunga mafundo mia sita, na mtu wa kuvaa ameshaondoka. Sijui nimwite nani. Mimi nikifikisha mafundo kumi natupa uzi.

Mfuniko nimeumaliza kama ulivyoagiza. Safu ya mwisho nimeitia miraba tisa myeupe, ncha nimezificha, nimeunyoosha kwa pini juu ya godoro na kitambaa chenye unyevu mpaka pembe zikakaa. Pindua uangalie. Ukipata ncha yangu hata moja, sema, nitakubali. Mutua anakuletea pamoja na barua hii.

Ule uzi wa damu ya mzee sikuutia kwenye mfuniko. Ulikuwa na kazi yake kabla. Sikuunyoosha pia, nimeufuma na mikunjo yake. Nilipima kifua changu cha sasa, na tuseme tu kimeongezeka kuliko ulivyokusudia, nikaona kwa mikono hautatosha, lakini sweta isiyo na mikono itapatikana. Nilianzia chini kwenye ukingo nikapanda, jioni kwa jioni, wiki sita. Kila nikifikia fundo nililisukuma upande wa ndani. Sikukata hata moja. Mama Halima alikuwa akipita na birika anauliza, "Umefika wapi?" nami namwambia, "Mia tatu na arobaini," naye anasema, "Bado unadaiwa." Mwisho vikabaki vipande vitatu. Kimoja ndicho nimefungia bahasha hii. Hilo fundo lililoko juu yake ni langu, usilicheke.

Nimeivaa leo kanisani. Kwa nje ni laini, mama mchungaji akaniuliza nimeinunua wapi. Kwa ndani nasikia mafundo yote, mgongoni na kifuani, hasa nikisimama kuimba.

Nisalimie Mwende, mwambie hakunivua chochote, nimemwonea bure miaka yote hii. Nisalimie Mjomba Kilonzo, na kama bado anakumbuka mbuzi wale wawili, mwambie asante. Mutua mpe chai kabla hajakuambia ana haraka. Na akina mama wa kanisa walioniona nikifumuliwa, waliobaki, wape salamu zangu pia, kwa kichwa kilichoinuliwa kidogo.

Shule zikifungwa, kabla ya Krismasi, nitapanda gari asubuhi, nifike kwako kabla ya giza. Nitakuja nimeivaa. Unisimamishe mlangoni pale pale, unigeuze, uvute mabega uone kama inanitosha. Na kama haitoshi, Mwaitu, safari hii tutaifumua tukiwa wawili.

Wako uliyempanulia,
Mwikali