Kadirisha ka Posho

Siku ya kazi tatu, mercredi, magaribi

…na ule papa wa patrimoine, biro ya serikali ya kulinda manyumba ya zamani, anasema eti kale kadirisha ka jikoni, hakuna muntu atakafunga. Eti nyumba yetu ya ferme, shamba ya zamani ya muzungu, sasa iko protégée, sheria inailinda, hatuwezi kugusa hata tofali moja.

Nilikasirika sana. Manjanja, mabati ya juu, inavujisha mvua mu kitanda ya mama. Tuliomba biro yabo ruhusa ya kuitengeneza tangu mwaka jana, hakuna mwenye alijibu. Lakini leo, vile nilileta fundi maçon azibe kadirisha, ule papa alifika mbio!

“Mama, hii iko architecture ya nguvu,” akaambia mama, anapiga photo. “Muzungu mwenye alijenga alikuwa na akili.”

Alijenga na mikono gani? Baba ya mama njo alichoma ile matofali. Na posho yake, unga ya kila juma, alikuwa anaipokelea pale inje, chini ya kale kadirisha, sababu muntu mweusi hakukuwa na ruhusa ya kuingia hata mu jikoni. Ile habakuiandika mu karatasi yabo.

Nilitaka kumufukuza. Mama akanishika mukono: “Acha, mwanangu. Mugeni banamupatia kwanza chai.”

Mama akaingia mu jikoni. Mulango ilikuwa wazi, na ku barza kulikuwa viti ine.

Akapitishia ule papa kikombe inje, mu kadirisha.

“Kamata, papa. Njo vile balikuwa banafanya.”

Papa alikunywa wima, mu jua, macho ku mulango. Mama hakumuambia karibu.