Geti Refu na Geti Fupi

Jumatano, masika, 1969

Mvua ilianza kabla ya alfajiri na mpaka sasa haijaacha. Si ya kishindo. Ni ile ya kunyesha polepole, mpaka sikio linaacha kuisikia. Nimerudi kutoka Bububu nimerowa mwili mzima, nimebadili nguo, nimekunywa chai, na sasa nnaandika. Sina furaha wala sina huzuni. Mikono yangu tu ndiyo imechoka.

Nianze na geti, maana yote yametoka huko.

Ghala letu la karafuu lina mlango mmoja mkubwa, unaotazama barabarani. Asubuhi wanaingia wachambuaji, wote wanawake, zaidi ya mia. Jioni wanatoka kwa pamoja. Msimu uliopita karafuu zilipungua na hakuna aliyeweza kusema zimepita wapi. Kuna waliosema zinatoka ndani ya mikunjo ya kanga. Kuna waliosema wanaingia watu wasiokuwa wa ghala. Bwana Seif, mkuu wetu wa ghala, akaamua kuwa mlangoni pawekwe geti la chuma la kuzunguka, ili watu waingie na watoke mmoja mmoja. Mimi ndiye msimamizi wa karakana. Akaniambia nichague geti nimwandikie barua, yeye atatia saini.

Mageti yalikuwa mawili, yote yamekwisha kutumika kwengine, yamelazwa katika banda la bandarini.

La kwanza refu. Nondo zake zinaanzia sakafuni na kupita juu ya kichwa cha mtu, zimegawanywa vyumba vitatu, kila kimoja cha kumtosha mtu mmoja aliyesimama wima. Unaingia, unasukuma, linazunguka nawe mpaka unatokea upande wa pili. Ndani yake mna meno ya chuma yanayolizuia lisirudi nyuma. La pili fupi, linafika kiunoni, mikono mitatu tu juu ya kigingi. Mtu mwenye miguu mirefu analiruka bila ya kuvua viatu.

Nililipenda lile refu.

Niseme kweli hapa, kama sikusema kwengine. Nililipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, lilikuwa limetengenezwa vizuri. Nilipolitia mafuta lilizunguka kwa kidole kimoja, na kwa miaka kumi na tatu niliyofanya kazi ya chuma sijaona kitu kikubwa namna ile kikawa chepesi hivyo. Ya pili, nilijua kwamba nikichagua refu, karafuu zikapotea tena, hakuna atakayenigeukia mimi. Nikichagua fupi zikapotea, nitaulizwa.

Jumamosi nilikwenda kupima upana wa mlango. Aliyenishikia upande wa pili wa futi ni Bi Mwanaidi, mpekuzi wa wanawake. Ni mtu mzima, mwenye sauti nene, amekaa pale mlangoni miaka mingi. Kila jioni humwita kila mwanamke kwa jina lake, humpapasa mara moja, kisha humwambia nenda. Nilidhani atafurahi, maana geti litampunguzia msongamano. Hakufurahi. Aliniuliza kama lile refu linaweza kurudi nyuma. Nikamwambia haliwezi, na hiyo ndiyo kazi yake. Akauliza tena, "Na siku ya moto?"

Nikamjibu kuwa ghala hili halijapata kuungua.

Akanihadithia, huku bado ameshika futi, kwamba alipokuwa msichana alifanya kazi katika ghala la mbata, nazi zilizokaushwa. Siku moja magunia yakashika moto, watu wakaukimbilia mlango. Ule mlango ulikuwa mpana, lori linapita. Hata hivyo dada yake alikanyagwa, akafa siku ya tatu. Aliyasema haya kama mtu anayesoma orodha ya vitu. Nami nilimsikiliza namna hiyohiyo. Kisha nikaandika kipimo cha mlango kwenye kijitabu changu, nikamshukuru, nikaenda zangu.

Jioni ile niliandika barua ya kupendekeza geti refu. Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Bwana Seif alitaka tulijaribu kwanza kabla ya kulijengea. Jumatatu tukalifunga mlangoni kwa bolti, kwenye fremu ya mbao, na nafasi zilizobaki tukaziziba kwa mbao pia, ili kila anayetoka apite getini. Nilisimama nje na saa yangu mkononi kuangalia foleni itachukua muda gani. Bwana Seif alikuwa dirishani, ghorofa ya juu. Wanawake walikuwa wamekwisha vaa mabuibui yao, tayari kwenda makwao.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Walicheka. Mmoja alisema amejiona kama kuku aliyetiwa tundani, na wenzake wakamwambia apige kelele basi. Lilizunguka, likazunguka, likimtoa mmoja baada ya mmoja, na mimi nikajisifu moyoni.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya ghala. "Moto!"

Mara moja tu.

Sitaandika kila kitu. Waliokuwa nyuma walisukuma. Wanawake wawili waliingia chumba kimoja cha geti, buibui la mmoja likavutwa na nondo, likaingia kwenye yale meno, na geti likakwama. Haliendi mbele, na nyuma haliwezi kurudi. Nyuma ya wale wawili, katika chumba kinachofuata, alikuwamo Subira, msichana wa Bububu, mwenye mimba ya miezi saba. Mimi sikujua kuwa ana mimba. Buibui limemfunika, na miongoni mwa wanawake mia sikumtazama mtu. Nilitazama saa.

Uso wake ulikuwa umebanwa kwenye nondo. Hakulia. Alinitazama tu, na midomo yake ilikuwa inakwenda bila ya sauti.

Nilijaribu kulisukuma kwa bega. Nikajaribu kulikata buibui kwa kisu. Mwisho nilipanda ngazi nikazifungua nati za juu moja moja, nne, na ile ya nne ilikuwa na kutu. Kwa ndani nilimsikia Bi Mwanaidi akipaza sauti kwamba hakuna moto, rudini nyuma, hakuna moto, na akiwataja watu kwa majina yao. Waliporudi nyuma ndipo tukaliinamisha geti zima na kuwatoa. Wale wawili walikuwa wamechubuka. Subira alipelekwa hospitali, bega limeteguka. Walimweka mpaka jana asubuhi. Wakasema mtoto mzima, moyo wake unapiga.

Baada ya watu kuondoka Bi Mwanaidi alikuja karakana. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ni mimi, Bwana Makame," alisema. "Nilitaka uone."

Alidhani akipiga ukelele watasukumana kidogo tu, nami nitaona, na mkuu ataona kule juu. Subira kwa kawaida hutoka mapema kwa ajili ya hali yake, na siku ile Bi Mwanaidi hakujua kwamba Subira amebaki kulijaribu geti pamoja na wenzake. Hakuniomba nimfichie. Alisema tu aliyoyasema, akajitanda vizuri, akaenda zake. Nilibaki nimekaa kwenye kigogo. Barua ilikuwa bado mfukoni. Nikaitoa, nikaisoma. Ilikuwa barua nzuri, haina kosa hata la herufi.

Nikaichoma katika tanuri la kufulia chuma.

Jana asubuhi Bwana Seif aliniita. Kuhusu geti hakubisha, kwa kuwa yaliyotokea aliyaona mwenyewe. Alisema tuweke lile fupi, na nilipomwomba idhini ya kutoboa mlango wa pembeni, usiotumika ila kwa dharura, alikubali bila ya kuinua kichwa. Lakini mbele yake palikuwa na karatasi nyengine, na juu yake ameandika mstari mmoja tu. Alitaka jina la aliyepiga ukelele. Alisema mtu anayepiga ukelele wa moto ndani ya ghala la karafuu, wakati watu wanajaribu kuzuia wizi, huyo huenda ana sababu zake, na sababu hizo wapo wa kuzichunguza. Alitumia neno hujuma. Kila mtu anajua siku hizi neno hilo likishaandikwa kwenye karatasi linakwenda wapi.

Alisema jina lolote litatosha, ilimradi liwe la kweli.

Nilimwambia, "Niliagiza mimi, Bwana Mkuu. Ilikuwa ni sehemu ya jaribio."

Aliweka kalamu chini. "Uliagiza bila ya kuniambia?"

"Naam."

"Na mwenye mimba yumo kwenye foleni."

"Sikumwona."

Katika yote niliyomjibu, hilo la mwisho tu ndilo lililokuwa kweli.

Sidhani kama aliniamini. Nadhani alikuwa anapima kipi kitamletea kazi zaidi, kuniamini au kutoniamini. Halafu akaandika. Wiki ijayo nitahamishiwa ghala la mbata, huko Mkokotoni, kuwa fundi wa kawaida, chini ya mtu ambaye nilimfundisha mwenyewe kushika tupa. Karakana nitaikabidhi Jumamosi. Kabla ya hapo nimalize geti fupi na mlango wa pembeni.

Nikatoka. Nilishangaa kwamba njaa inaniuma.

Nimejiuliza toka jana kwa nini nimesema vile, na sijapata jibu la kuniridhisha. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma Bi Mwanaidi. Huruma ilikuwapo, lakini haikuwa kubwa. Ninachojua ni kwamba Jumamosi aliniuliza swali moja la maana, na mimi nikaandika kipimo cha mlango.

Leo adhuhuri nimekwenda kumtazama Subira, yuko kwa mama yake. Nilikwenda kwa baiskeli. Tangu Mtoni mvua ilinipiga usoni, njia imejaa madimbwi, na mara mbili nilifikiri kurudi. Mama yake alinipokea vizuri, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa taulo nijifute na kiti karibu na mlango. Subira alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa cheupe, mkono wa pili juu ya tumbo. Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Hafiki miaka ishirini na mbili.

Nilimpa pole. Akasema ashapoa. Nikamweleza kwamba geti lile tumeliondoa, hatalikuta, na kwamba nitatoboa mlango wa pembeni wa dharura. Mama yake alikwenda jikoni, na hapo ndipo Subira aliponiuliza nani alopiga ukelele wa moto.

Nikamwambia niliagiza mimi.

Njiani nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Nilijiambia kwamba akinitukana nitanyamaza, na mama yake akinifukuza nitaondoka. Wala hakunitukana. Aligeuza uso akatazama dirishani, mvua inavyodondoka kutoka makutini, nami nikaanza kutafuta maneno ya kuagia.

"Bwana Makame," akasema, "mimi sauti ya Bi Mwanaidi naijua. Mwaka wa tatu huu ananiita kila jioni."

Nilikuwa nimeshika lile taulo, nnalikunja na kulikunjua.

"Nilipokuwa mle ndani nimebanwa, nilimsikia vilevile," alisema. "Aliwarudisha watu nyuma. Alitaja jina langu. Alisema Subira yumo, msisukume, Subira yumo."

Mama yake akarudi na kikombe cha chai. Akauliza tunazungumza nini. Nilimtazama Subira, naye akanitazama mimi. Macho yake hayakuwa na upole, lakini hayakuwa na chuki pia.

"Bwana Makame anasema ni yeye aloagiza ule ukelele," akamwambia mama yake. "Ni yeye, mama. Amekuja kuomba radhi."

Mama mtu aliweka kikombe mbele yangu kwa nguvu kidogo, chai ikamwagika kwenye kisahani. Nikanywa chai yote ingawa ilikuwa ya moto sana, kwa sababu kuiacha kungekuwa dharau. Ulimi wangu mpaka sasa unawasha.

Nilipoinuka kuondoka, Subira aliniuliza huo mlango wa pembeni utafunguka upande gani. Nikamwambia sijaamua. Mchoro wangu unauonesha ukifunguka kwa ndani, ili nje usizibe njia ya wapitao.

"Ufungukie nje," alisema.

Nikamwambia sawa.

Nimerudi polepole. Sikujisikia shujaa, na sasa ninapoandika sijisikii hivyo. Mama yake Subira kule Bububu ataniona mimi ni mtu asiyejali mpaka atakapokufa mmoja wetu, na nusu ya fikra hiyo ni haki yangu. Bi Mwanaidi atasikia kesho nilichokisema kwa mkuu. Sijui atanishukuru au atakwenda mwenyewe kuisahihisha ile karatasi. Namjua kidogo tu, na kwa ninavyomjua lolote linawezekana. Nitamwomba asifanye. Nitamwambia kwamba watu wale mia wanamhitaji pale mlangoni zaidi kuliko wanavyonihitaji mimi katika karakana, na hilo nitalisema kwa kuwa ni kweli.

Nimeuchukua mchoro, nimefuta bawaba, nimezichora upya upande wa nje. Imenilazimu kufuta na komeo, maana halikai tena mahali pake, na kisha ngazi ya chini, kwa kuwa mlango ungeigonga. Karibu nusu ya mchoro imeondoka.

Saa moja asubuhi nitakuwa ghalani na mbao.