Jicho Moja la Bura

Jumatatu, 4 Machi

Bila mimi Gendabi isingekuwa na sura. Kila bango linalosomeka kuanzia hapa mpaka Katesh ni mkono wangu. Mahindi niliyochora kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, mbuzi waliyaramba wiki nzima. Ndiyo maana Mwalimu Mkuu, mama wa Tanga na digrii yake, alikuja mwenyewe kuniomba nifundishe darasa la sita kuchora. Walimu wake hawawezi. Mimi darasa la tano nililiacha mwenyewe, halikunifukuza.

Leo sura ya mtu. Kichwa nilikichora ubaoni kabla hawajaingia. Mviringo safi kabisa. Wakashangaa, "Anko umewezaje?" Kipaji, nikawaambia.

Paskalina peke yake alichora mtu wa upande. Jicho moja, pua kama mdomo wa birika. Nikainua karatasi darasa zima lione. Nikauliza, huyu jicho la pili ameliuza mnadani? Wakacheka sana. Bura, anayekaa naye dawati moja, hakucheka. Ndiye aliyechorwa. Karatasi nikafutia brashi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Darasa nusu. Bura alifika amelowa mpaka daftari. Akauliza ng'ombe anayelia anachorwaje. Nikamwambia ng'ombe halii, ongeza pembe. Nikaona nimejibu vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Maji ya korongo yamemchukua Bura. Jana jioni, akivuka kurudi kwao. Wamempata asubuhi, mbali, chini kwenye mchanga.



Ijumaa, 8 Machi

Maziko kesho. Mama Bura alikuja na wifi yake. Hana picha ya mtoto. Hata moja. Simu yao ni kitochi, haina kamera. Picha ya darasa ilipigwa siku Bura alipokuwa malishoni na ng'ombe. Na jeneza halitafunguliwa, maji hayakumwacha vizuri. Anataka sura itangulie mbele ya jeneza, halafu ibaki ukutani kwake.

Akasema, "Fundi, usiku najaribu kumwona. Anakuja, ila uso hana."

Nikamwambia nimechora watu ambao sijawahi kuwaona na ndugu zao wakalia kwa furaha, sembuse huyu niliyemfundisha. Hakuna ndugu aliyelia. Sijui kwa nini nilisema hivyo mbele ya mama aliyefiwa.

Nilichora kutwa nzima. Rangi ya mafuta, ubao mzuri niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya duka la mbolea. Nikamvalisha tai. Jioni nikampelekea. Akaangalia muda mrefu.

"Fundi, huyu si ni yule wa saluni?"

Wifi yake akageukia ukuta. Ni kweli. Ni yule yule wa kwenye bango la kinyozi, na nywele zake za panki. Nimemchora mara ngapi, saluni zote ni yeye. Mama Bura hakunitukana. Akanirudishia ubao kwa mikono miwili, akasema asante kwa kazi. Afadhali angenitukana.



Jumamosi, 9 Machi

Kulipokucha tu nilikuwa kwa kina Paskalina. Bibi yake akadhani nimekuja kushtaki. "Shikamoo Anko," mtoto mwenyewe kanisalimia anaangalia chini. Nikampa karatasi na penseli. Nikamwambia mchore Bura.

Akachora upande. Tena upande.

Nikamuuliza, kwa upole safari hii, mbona humchori kwa mbele.

"Anko, nilikuwa nakaa kushoto kwake. Mbele simjui sana."

Akaendelea. Shingo nyembamba, mdomo wazi kidogo kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Alipofika kwenye sikio akapunguza mwendo. Sikio lina pengo juu, mbwa alimng'ata akiwa mdogo. Miezi miwili nimesimama mbele ya huyo mtoto, pengo sikuliona.

Nikampelekea Mama Bura picha. Aliweka kidole kwenye lile pengo, akakiacha hapo. Halafu akasema, "Ndiye. Ndivyo alivyokuwa anakaa jikoni, anaota moto, haniangalii." Akalia. Alikuwa hajalia tangu Alhamisi, wanawake ndio waliosema.

Paskalina alitangulia na picha, wifi mtu akaifunika na kanga mvua isiilowanishe. Msalaba niliandika mimi. Herufi zimenyooka, hakuna wa kunishinda herufi. Hakuna aliyeziangalia.

Ubao wenye tai nimeupasua kuni. Mke wangu kapikia chai. Sikuinywa.

Jumatatu, 11 Machi

Paskalina kakaa upande wake wa dawati, nafasi ya Bura kaiacha. Hakuna aliyetaka kuikalia. Nikaikalia mimi. Magoti hayaingii. Nikamwambia anionyeshe sikio linavyochorwa. Akanionyesha. Nikakosea, akafuta, nikakosea tena. Hakucheka.

Hakuna anayejua hili, hata mke wangu. Mfuko wangu wa rangi siruhusu mtu aushike kwa sababu ndani kuna bakuli la uji. Vichwa vyote nilivyochora tangu nianze kazi, nimevipata kwa kulizungushia penseli hilo. Leo nililiacha nyumbani. Kichwa changu kimetoka kama kiazi.