Tepu ya Buluu Begani kwa Baba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa daktari. Cheti sina, shule niliiacha njiani, lakini mikono ninayo. Pale jimu ninapofagia yupo mtaalamu wa viungo, wote tunamwita Dokta. Kila siku namwona akiwabandika wachezaji ile tepu ya kunyumbuka — magotini, mabegani, hata kwenye visigino. Miezi minne ya kuchungulia. Kazi gani hii, gundi na mkasi tu. Leo nimembebea meza yake ya kukandia watu, akanipa rola ya buluu iliyobaki nusu.

Nyumbani nimemkuta baba anahangaika na shati. Bega la kulia. Miaka ishirini na sita anapiga plasta dari za watu, mkono juu ya kichwa kutwa nzima. Sasa ana dari ya ukumbi, na tajiri anaitaka iishe Jumamosi. Isipoisha ataitwa fundi mwingine, na watu wa kazi watasema mzee amekwisha. Hilo linamuuma kuliko bega.

Nikasema nitamfunga. Akasema hata redio mbovu ina saa ya kuzimwa. Redio ni mimi. Mama alicheka mpaka akaweka mwiko wa kupikia chini.

Lakini akakaa kwenye kigoda, akavua shati. Sikumbuki mara ya mwisho kumgusa baba mgongoni. Ana weupe wa plasta kwenye mikunjo ya shingo, hautoki hata kwa sabuni. Nikaivuta tepu mpaka ikagoma, nikabandika vipande vitatu. Kaza ndiyo ishike. Wachezaji wanalipia huduma hii!

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza bega. Amesema limetulia. Nimewatangazia wote, kuanzia muuza duka mpaka kinyozi. Kinyozi amesema basi niufunge na mdomo wangu. Wivu.

Jumatano, 5 Machi

Limetulia tena. Kikombe alishika kwa mkono wa kushoto, labda mazoea. Nafikiria kuchapisha kadi. Bingwa wa Mabega? Mama anasema iandikwe Redio, watu watanifahamu upesi.

Alhamisi, 6 Machi

Kadi basi.

Mama kaniita jioni, akasema nenda ukamtazame baba yako kabla hajavaa. Nikaenda huku napiga mluzi. Tepu imeachia kwenye ncha, na chini ya kila ncha pana malengelenge. Mengine yamepasuka. Kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

Nimemuuliza tangu lini. Tangu Jumanne alfajiri. Siku tatu anapanda jukwaa la mbao la kazini na ngozi inawaka, akirudi ananiambia limetulia.

Nikauliza kwa nini hukusema, baba. Alikuwa anafunga vifungo, polepole, mkono mmoja. Akasema ulikuwa na furaha. Nani anazima redio siku inapopiga vizuri?

Nimeibandua tepu yote, taratibu, kwa maji ya vuguvugu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Dokta kila kitu. Aibu nimeimeza kama dawa. Hakunicheka, nashangaa. Kumbe nilichokuwa naangalia miezi minne ni rangi tu. Kwanza unafuta jasho na mafuta. Mgonjwa anavusha mkono kifuani ili ngozi inyooke. Unakata pembe za tepu ziwe duara, zisinase nguo. Katikati unavuta kidogo tu. Ncha huvuti kabisa, unazilaza. Nilivyokuwa navuta ncha ndivyo nilivyokuwa namchuna. Na penye kidonda hubandiki, unapita mbali.

Halafu akauliza, anaweza kuinua mkono pembeni mwenyewe? Nikasema anausukuma kwa ule mwingine. Dokta akaweka mkasi mezani. Akasema tepu inapunguza maumivu kidogo, haishoni kilichochanika. Akahofia kano, ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, imechanika. Maumivu yakipungua mtu anajisahau, anaendelea kuinua, anamalizia kuikata. Nimpeleke Jumatatu ampime. Mpaka hapo mkono usipande juu.

Njia nzima nimepanga maneno. Nafika mlangoni, baba yuko kwenye kigoda, shati keshavua. Ananingoja! Baba, ananingoja mimi.

Nikajiambia nimfunge kwanza, nitamwambia baadaye. Nikafuta, nikakata pembe, nikakwepa malengelenge, ncha nikazilaza kama namlaza mtoto. Akajaribu mkono. Ukapanda mpaka usawa wa sikio. Akaushusha, akaupandisha tena, akamwita mama aje aone. Akanigeukia: "Hii sasa ndiyo kazi. Fundi wewe."

Tangu nizaliwe hajawahi kuniita hivyo. Fundi nyumba hii alikuwa mmoja.

Ya Dokta sikuyasema.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi. Gari la kazi linampitia saa moja. Nimeamka kabla yake nikachukua mwiko wake wa plasta, ule wenye mpini uliolika kwa vidole vyake. Nimeukalia. Naandika huku nimeukalia, maana nikisimama atauchukua.

Nimemwambia yote. Kano, kuchanika, Jumatatu. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akauliza, kwa hiyo jana ulijua? Nikasema nilijua. Na ukabandika? Nikabandika. Akakaza kamba ya kiatu cha pili.

Akasema nipe mwiko. Nikasema leo napanda mimi, wewe ukae chini uniambie mkono uende wapi. Akasema hujapiga plasta hata ukuta wa choo. Kweli. Jumapili iliyopita nilikuwa nawaambia watu dari ni kupaka tu, kama siagi kwenye mkate.

Nikasema basi piga kelele huko chini, leo redio uwe wewe. Mama akaziba mdomo kwa kanga. Baba hakucheka. Hakunifukuza pia.

Honi imelia. Amerudi kwenye kigoda, viatu mguuni, mkono wa kulia ameupakata. Anaangalia vidole vyangu vinavyoandika, kimoja kimoja, kama anavipima.

Honi tena. Ameniambia nikunje ngumi. Nimeikunja. Sasa anasema nifungue, nishike kalamu kama mwiko, sio hivyo, kidole gumba juu